Mahema Yaliyokunjwa Mapema

Kwa miaka kumi na tisa fundi cherehani mmoja amewafundisha makadeti wa mtaani kwake, nao humwita Bi Kanuni. Ijumaa hiyo mahema yalikuwa yameshasimama, mwalimu mwenzake alipopiga simu kusema haji. Kanuni inataka watu wazima wawili walale kambini.

“Kunjeni, wanangu.”

“Mama, usiku mmoja tu!” alilalamika bintiye, aliyeingoja kambi hiyo mwaka mzima. “Nani atajua?”

“Nikizidiwa mimi saa nane usiku, mtamwamsha nani?”

Binti alinuna njia nzima. Wazazi wengi huipenda kambi, ila kulala chini hawataki. Nyumbani, akiwa hoi na viatu hajavua, Bi Kanuni alimpigia simu mzazi wa nne, baada ya watatu kukataa, kumwomba awe mtu mzima wa pili kambini Ijumaa ijayo.