Mlango wa Uani wa Biubwa

Biubwa alikuwa mtu wa kuuliza. Sisi wengine tulipofika Johannesburg tuliuliza kazi iko wapi na chumba kinapatikana wapi. Yeye wiki yake ya kwanza hapa Bellevue, mwaka 2015, aliuliza kwa nini barabara ya Raleigh ukisogea nayo kidogo inageuka jina na kuitwa Rockey, ilhali ni barabara ile ile na wenye maduka ni wale wale. Nilimjibu kwamba sijui na sioni kitakachonipungukia nisipojua. Akaniangalia kwa huruma, na mimi huruma ya namna hiyo huwa inaniudhi.

Wananiita Mama Naseeb, mtu wa Kariakoo, nauza vitenge na madira. Tulikuwa tumepanga nyumba moja, ya zamani, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na sasa imekatwakatwa vyumba. Msimamizi wetu alikuwa Octave, Mkongo wa Lubumbashi, aliyeikodi nzima kisha akatugawia sisi vipande. Biubwa, mjane kutoka Unguja, alichukua chumba cha nyuma kabisa, kile tulichokikataa wote kwa baridi yake. Alikipendea mlango.

Uani kulikuwa na geti dogo lililoshikwa na kutu, na nje ya geti kichochoro chembamba kinachopita nyuma ya nyumba zote za mtaa ule, kimejaa magodoro mabovu na chupa. Biubwa alipolifungua alisimama pale akitabasamu.

"Unaona, Mama Naseeb? Waliojenga hapa walikuwa watu wa staha. Wanaume wakae baraza ya mbele, wanawake wawe na njia yao. Kama kwetu tu."

Nilimwambia Makaburu na Waingereza hawana mlango wa wanawake. Akasema mbona upo, nauona kwa macho yangu. Kubishana na Mzanzibari juu ya staha ni kutwanga maji kwenye kinu, nikamwacha. Alikifagia kichochoro kwa mikono yake mpaka mwisho wa mtaa, akaweka kopo la mrehani pembeni ya geti, na kazi ikaanza.

Kazi yake ilikuwa kuchora hina, kusinga na kupamba maharusi. Wateja wake walikuwa Watanzania, Wakenya, na hata Warundi Waislamu, na wote walikuja kwake kwa sababu moja. Baraza yetu ya mbele ilijaa wapangaji wa Octave, na bia zao na mchezo wao wa drafti, na mama gani atampitisha mwali wake katikati ya macho yale? Kwa Biubwa unaingilia nyuma, unatokea nyuma, hakuna aliyekuona. Ukimfungia kichochoro kile, umemfungia riziki.

Nayo maswali hayakukoma. Siku moja mjini alikuta kundi la watalii wakitembezwa kwa miguu, akajiunga nao na kikapu chake cha vitunguu, akaandamana nao mtaa kwa mtaa kana kwamba amealikwa. Alirudi jioni miguu imevimba na uso unang'aa. Akanieleza kwamba kabla ya dhahabu hapa palikuwa na nyasi na mashamba ya watu, na katikati ya mashamba kipande cha pembe tatu kisicho na mwenyewe. Dhahabu ilipoonekana watu wakajaa na mahema yao, serikali ya wakati ule ikakipima kile kipande haraka haraka. Wakavikata viwanja vifupi vifupi ili pembe ziwe nyingi, maana kiwanja cha pembeni mwa njia panda ndicho chenye biashara. Wenye mashamba ya jirani nao kila mmoja akakata mitaa yake anavyojua, bila kumwuliza mwenziwe. Ndiyo maana mitaa ikivuka barabara ya Commissioner inapinda kiuno, na majina yanabadilika ukivuka mpaka usiouona.

"Kwetu nyumba zilitangulia, njia zikajipenyeza katikati," alisema huku akikanda miguu. "Hapa njia zilitangulia watu. Na waliozikata, Mama Naseeb, walidhani dhahabu itakwisha upesi waende zao. Mji mzima huu umekatwa na watu waliokuwa safarini."

Siku ile nilimsikiliza. Sikumwambia, ila usiku nililala nikiwaza kwamba na mimi nilikuja kwa mwaka mmoja. Habari za vichochoro hakumwuliza yule mtembezaji, maana hilo alijiona analijua tayari.

Mwaka 2017 Octave akaleta matofali na kuyapanga kichochoroni, hatua chache kutoka kwenye geti. Alitaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha, ukuta mpaka ukuta.

"Mama Biubwa, ile njia haina mwenyewe," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Nitatia pale bachambre mbili, njo mwisho. Banamuke bako bapitie devant, sawa batu bote."

"Baba Octave, mwali hapiti mbele ya walevi."

"Basi atafunika uso."

Harusi kubwa ilikuwa imekaribia, ya binti wa Bi Mayasa, mwanamke wa Tanga ambaye akikusifu kila mtu anakuja kwako na akikuponda ufunge virago. Hina ilikuwa Alhamisi. Nilimwona Biubwa akiyatazama yale matofali kila akienda kuchota maji, na nikajua anaogopa.

Jumatatu choo cha nyumba kikafurika, mambo ya mafuta ya kukaangia kumwagwa kwenye sinki, na wakaja mafundi wa manispaa. Hawakupita mbele. Walikuja kwa kichochoro, na msimamizi wao, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeitwa Tumu, akaanza kwa kuuliza matofali ni ya nani. Chini ya matofali palikuwa na mfuniko wa chuma. Tumu akamwambia Octave kwamba bomba kuu la maji machafu linapita chini ya kichochoro chote, na hakuna ruhusa ya kujenga juu yake, leo wala kesho. Ayaondoe.

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini Octave, kwa hasira, akauliza ni wendawazimu gani waliacha njia nzuri namna hii nyuma ya nyumba za watu. Tumu akamjibu. Zamani hapa hapakuwa na bomba. Kila nyumba ilikuwa na choo cha ndoo uani, na usiku watu walipita na mkokoteni kichochoroni, wanachomoa ndoo na kuondoka kabla wenye nyumba hawajaamka. Njia ilikatwa kwa ajili ya ndoo hizo. Bomba lilipokuja, likafuata njia ile ile.

Octave akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe! Mama Biubwa anapitisha mariée, bibi harusi wa batu, kwenye njia ya mavi!" Na kabla chai haijapoa, baraza nzima ilikuwa inajua.

Biubwa, badala ya kuingia chumbani kujificha, akamfuata Tumu na kumwuliza. Walikuwa akina nani, hao wa ndoo? Tumu alimaliza kukunja waya wake wa kuzibulia kwanza. Akasema babu yake alikuwa mmoja wao, mtu kutoka mbali, na kijijini kwao walijua kwamba anafanya kazi mjini, basi.

Usiku huo tulimwaga maji kichochoroni, ndoo baada ya ndoo, kwa maana kwa madhehebu yetu ardhi iliyoingia najisi haitakasiki kwa jua peke yake, mpaka maji. Nilimshauri anyamaze. Bi Mayasa haongei na walevi, hatajua. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Siwezi," alisema. "Mwali wa mtu nimpitishe mahali ambapo mie najua na mama yake hajui? Hiyo itakuwa hina gani?"

"Na asipopita?"

"Basi nitatafuta chumba kingine, na kazi nyingine." Mimi nikakasirika, na nikampenda zaidi.

Alhamisi wakaja, wanawake kumi na kitu, mwali katikati amefunikwa kanga. Biubwa alikuwa amesimama nje ya geti. Hakuzungusha maneno. Akamwamkia Bi Mayasa, akamweleza njia ile ilikatwa kwa nini, nani walipita, walibeba nini. Akasema imeshatiwa maji, ila uamuzi ni wa mama mtu, na akipenda kuwarudisha yeye hatamlaumu.

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akainua pindo la baibui. Bi Mayasa aliangalia chini, kisha akaangalia kichochoro mpaka mwisho wake. Sote tulijua kwamba anafanya kazi Sandton, kwa matajiri, na hatujawahi kuuliza kazi gani.

"Mimi nina bibi mmoja kule, ana miaka tisini," alisema, bila kupandisha sauti. "Asubuhi namfuta mavi, jioni namfuta mavi. Hiyo harusi mnayoisifia, na dhahabu ya huyu mtoto, imetoka huko. Nyumbani Tanga wanajua niko mjini."

Mwali chini ya kanga alikuwa analia, na nadhani yeye pia alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

"Nipishe, Bi Biubwa," Bi Mayasa akasema, akamshika binti yake mkono, wakaingia.