Lundo Lililokataa Kuiva

Nyuma ya kituo cha mafunzo, uma wa mama wa mboji, aliyefundisha kutengeneza mbolea ya majani yaliyooza, haukwaruzi tena, lakini mfagizi wa kituo bado anautegea sikio. Mama yule hakujua kukaa. Hata chai aliinywa wima. Aliwakanya wanafunzi wake: “Ukishalipindua lundo, liache siku saba, lisije likapoa.” Lake alilipindua kila asubuhi, kisha akazamisha mkono hadi kiwiko kupima joto. Bintiye akipiga simu kuuliza atahamia kwake lini, jibu lilikuwa lile lile: “Likiiva, mwanangu. Bado baridi.”

Siku moja mfagizi akamtania, “Mwenzangu, litaivaje na huliachi hata siku moja?” Mama akacheka, machozi yakamlengalenga, akamkabidhi uma. Halikuguswa tena, wiki ya tatu likaiva. Sasa mama anaishi kwa bintiye, ghorofa ya nne.