Sauti Kutoka Upande wa Maji

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na minne (najua wapo watakaosema mpaka leo ni mtoto, maana nina kumi na tisa tu) bibi yangu alinipa onyo moja la safari, nami nikalishika vibaya. Nimejaribu kuliandika jambo hili mara kadhaa na kila mara nimechana karatasi. Leo nataka nilimalize.

Tulikuwa tukiishi Thamesmead, ghorofa ya tano, na ndipo tulipo hadi sasa. Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, anatoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi, mama yake Mama, niliyekuja naye kutoka Pangani nikiwa na miaka saba. Rafiki yangu alikuwa Wanja wa ghorofa ya pili. Wazazi wake ni Wakenya, watu wa Nyeri, watu wa kanisa, na mtoto wao huyo hakujua kunyamaza.

Mwaka ule shule yetu ilipewa nafasi chache za wanafunzi kwenda na boti kubwa ya matanga: kushuka mto Thames, kutoka nje kabisa, kisha siku tatu, mchana na usiku, bila kuona nchi kavu, mpaka Denmark. Wanja aliandika majina yetu wote wawili kabla sijamjibu. Mimi sikuwahi hata kulala nyumba ya jirani.

Jioni ya kuamkia safari alipanda juu, eti kunisaidia kufunga begi, akaishia jikoni ambako Bibi alikuwa anachoma chapati.

"Shikamoo, Bibi," alisema, mdomo umeshajaa.

"Marahaba. Ungemeza kwanza, salamu haikimbii."

Halafu Bibi akanigeukia mimi. Marehemu babu yangu alikuwa mpishi katika meli ya mizigo miaka mingi, na Bibi alipoanza kusema "babu yako aliniambia" tulijua ni maneno ya kusikilizwa.

"Zuhura, ukiwa huko baharini ukasikia jina lako, na anayekuita humwoni, usiitike. Ngoja. Wale wa baharini huita mara moja, wakijitahidi sana mara mbili. Ya tatu hawaiwezi. Anayeita mara tatu ni mtu."

"Na ukiitika?"

"Wanakuwa wameshakujua." Akageuza chapati.

Wanja alicheka mpaka akapaliwa. "Aki Bibi, jini wa huku Uingereza ataweza kutamka Zuhura? Mwalimu wetu mwenyewe ameshindwa mwaka wa tatu huu!"

Bibi naye alicheka, akampiga begani kwa kitambaa cha jikoni. Mimi sikucheka. Usiku ule nililala nikihesabu: moja, mbili, tatu.

Tuliondoka asubuhi wakati maji yanakupwa. Jambo la ajabu katika safari ile ni kwamba kabla ya kufika popote tulipita nyumbani. Boti ilipita Woolwich, na punde yakatokea majengo yetu, ya kijivu kama nilivyoyazoea, ila kutoka majini yalionekana ya watu wengine. Bibi alikuwa amesimama kwenye njia ya miguu kando ya mto, kanga juu ya koti. Wanja alipanda juu ya sanduku na kupiga kelele, "Bibi! Bibiii!"

Bibi aliinua mkono tu. Hakuitika, wala hakutuita.

"Bibi yako anajidai hanijui," Wanja alisema.

Mimi nilijua sababu. Kwao Pangani, anayeondoka kwa maji haitwi, asije akageuza moyo njiani. Lakini iliniuma. Nilimtazama mpaka akawa doa.

Sitasema mengi juu ya siku mbili za mwanzo. Nilitapika. Wanja alitapika pia lakini yeye aliona ni mashindano. Tulikuwa watoto sita na wakubwa watatu, na nahodha alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Ruth, mwenye sauti ya upole ambayo hakuna aliyethubutu kuikaidi. Tuligawiwa zamu: saa nne kazini, saa nne kitandani, ndani ya vitanda vyembamba ambavyo mtu hawezi kugeuka. Sikulala hata mara moja usingizi wa kweli. Kila kamba ililia kwa namna yake, na katika kila mlio nilidhani nasikia herufi ya kwanza ya jina langu.

"Unasikiliza nini?" Wanja aliniuliza siku ya pili.

"Hakuna."

"Unangoja wale wa Bibi! Haya, mimi ndiye jini. Zuhuraaa, leta chapati."

Siku ya tatu, kama saa tatu asubuhi, ukungu ulitufunika. Niliona mikono yangu na mlingoti, basi. Ruth aliteremsha matanga, akawasha injini, tukaenda polepole. Wanja alipelekwa mbele kabisa, kwenye omo, atazame kama kuna meli. Mimi niliwekwa katikati, kwenye mlingoti, kwa sababu kule nyuma kwenye usukani injini ilimeza sauti zote na Ruth asingeweza kumsikia aliye mbele. Kazi yangu ilikuwa moja tu: Wanja akiita, niitike, nipeleke neno nyuma. Sote tulivaa jaketi za kuokolea na mkanda wenye kamba fupi iliyoteleza juu ya waya mrefu uliotandazwa kutoka mbele hadi nyuma.

Meli kubwa lazima ilipita mahali fulani, kwani mawimbi yalitujia ghafla kutoka pembeni. Boti iliruka, ikalala upande, ikainuka. Nilikumbatia mlingoti. Kisha nikasikia.

"Zuhura!"

Sauti ilikuwa nyembamba na ya chini, nayo haikutoka mbele nilikomwacha Wanja. Ilitoka kushoto, nje ya boti, pale palipokuwa na maji matupu.

Sikuitika. Akilini mwangu alikuwa Bibi na chapati yake.

"Zuhura!"

Ya pili ilikuja na kikohozi. Nilihesabu. Nimetafuta namna nzuri zaidi ya kulisema hili na sijaipata: nilisimama pale nikahesabu. Mbili. Nikangoja ya tatu, na ya tatu haikuja. Ilikuwa injini tu, na maji yakipiga ubavu wa boti. Sijui ni muda gani. Nilichokihisi, Mungu anisamehe, ni nafuu. Nikajiambia, Bibi alisema kweli, nimeokoka.

Kisha: "Zuhura, mjinga wewe, nakufa huku!"

Hapo nikakimbia.

Wimbi lilikuwa limemrusha nje ya waya za kinga za pembeni na kumburuta mpaka hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa ananing'inia kwa ile kamba fupi, maji yanamfunika kifua na kumwachia, mkono wa kushoto umejisokota kwenye waya. Nilimshika jaketi nikapiga mayowe mpaka Ruth akazima injini. Tulimvuta watu watatu. Bega lilikuwa limetoka mahali pake. Mmoja wa wale wakubwa wengine alilifunga kadiri alivyoweza, na kwa siku nzima iliyobaki Wanja, yule asiyejua kunyamaza, alilala chini akiuma taulo kila wimbi lilipopita. Nilikaa naye nikimshikia kikombe. Ruth alinipapasa kichwani taratibu akasema nimemwokoa mwenzangu.

Denmark niliiona kupitia dirisha la hospitali. Wanja alipozinduka baada ya kupasuliwa aliniuliza, "Niliita mapema. Hukunisikia?"

"Ukungu," nilimjibu. "Nilisikia ile ya mwisho."

Niliporudi nilimweleza Bibi peke yake. Nadhani nilitaka aseme kwamba nilitii. Alivua miwani.

"Mie nilikwambia sauti usiyoijua. Sauti ya Wanja huijui?"

Nimebishana na maneno hayo miaka mitano. Pengine kweli alisema "usiyoijua" jioni ile, pengine hakusema. Mimi nilibaki na hesabu, kwa kuwa hesabu ni rahisi kubeba.

Mwisho wa muhula nilipewa cheti mbele ya shule nzima. Ruth ndiye aliyeleta habari, kwa nia njema. Kimeandikwa jina langu lote, na chini yake: kwa ujasiri na wepesi wa kuitikia wito. Watu walipiga makofi. Wanja alikaa mstari wa mbele, mkono bado umefungwa, na niliposhuka aliniegemea akasema chini chini, "Wepesi, eti? Kweli zile za kwanza hukuzisikia?"

"Ningesikia ningekuja."

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye Mama aliumia mgongo akimwinua mzee mmoja, hakuweza tena kufanya kazi, nami nikaacha shule. Nilisema ni kwa muda. Sasa nafanya kazi mahali pa kufua mashuka ya hospitali, na muda ule haujaisha. Kwa hiyo ukutani kwetu kuna cheti kimoja tu, na ni hicho. Mama alikitilia fremu. Kila mgeni anakisoma, kisha ananitazama mimi, nami naenda kuchemsha chai hata kama ameshakunywa.

Na tangu siku ile naitika upesi mno. Msimamizi wetu hajamaliza jina langu nimeshasema naam. Kwenye basi mtu akimwita mtoto wake nageuka. Nikiwa nimelala Mama akikohoa nasimama.

Mwezi uliopita, Jumapili mchana, Wanja alikuja. Siku hizi anajifunza kutengeneza boti kwenye karakana moja huko chini mtoni, mikono yake inanuka rangi, na mkono wa kushoto hauinuki kupita sikio. Alisimama sebuleni mbele ya cheti.

"Ruth anaenda tena Denmark mwezi wa nane," alisema. "Anataka watu wawili. Nimeandika majina yetu."

"Wanja, hujaniuliza."

"Lini niliwahi kukuuliza?"

Nikakaa chini. Nilijua kwamba siwezi kupanda boti moja na mtu huyu huku nikimdanganya, na kwamba nikisema, huenda nisipate tena mtu wa kuandika jina langu bila kuniuliza. Nikasema. "Nilikusikia. Ya kwanza na ya pili. Nilidhani ni wale wa Bibi. Nilikuwa nangoja ya tatu."

Hakushtuka. Alikuwa bado anatazama cheti.

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa naona viatu vyako. Ukungu haukufika chini pale, kati ya waya. Viatu vya mpira vya njano. Nikaita, havikwenda. Nikaita, havikwenda."

"Miaka mitano umejua?"

"Nilikuuliza Denmark. Nikakuuliza tena siku ya hiki kitu." Aligonga fremu kwa kucha. "Enyewe, Zuhura, ningekuuliza mara ngapi?"

Nililia, naye aliniacha nilie, hakunishika. Baadaye alikwenda jikoni, nikamsikia akimsalimia Bibi na kuulizia chapati. Niliposimama kukitoa cheti ukutani alirudi mbio.

"Wacha hapo. Mama yako ataniuliza mimi kimeenda wapi."

"Si cha kweli."

"Nusu yake ni kweli. Ulikuja. Sasa utakwenda au huendi?"

"Nitakwenda. Lakini mbele nakaa mimi. Wewe ukae kwenye mlingoti."

"Sawa. Ukiniita," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, "nitafikiria."

Zimebaki wiki tano. Nimeomba likizo kazini, begi liko tayari chini ya kitanda, na usingizi umenikimbia kama zamani. Bibi amesema atasimama palepale kando ya mto, magoti yakimruhusu, na hataita. Simwogopi tena yule aliye majini, kama yupo. Ninalofikiria ni jambo jingine. Nikiwa kule mbele nikahitaji mtu, nitaita jina la Wanja mara moja tu, kisha ninyamaze nisikilize. Nataka nijue urefu wa muda ule wa kungoja, kwa upande aliokuwako yeye.