Kivuli Chenye Leso

Kaka yangu alizikwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki iliyofuata simu yake ikalia mfukoni mwa aproni yangu, nikiwa nakaanga mahamri. Hakuwa mtu anayepiga, ulikuwa ule mlio mfupi wa ujumbe. Nilijifuta mafuta nikaifungua. Namba ya siri niliijua, ni mwaka aliozaliwa mama yetu.

Ujumbe ulisema: "Kipevu, kimya chako kimezidi. Leta picha, bwana, ama umeuza kamera ukala biriani?"

Niliusoma mara mbili. Kisha nikahisi kitu ambacho hata leo naona haya kukiandika. Nilihisi furaha. Kumbe kulikuwa na watu duniani wasiojua. Kwetu Utange kila mtu alijua. Wanawake waliokuja kununua mahamri walishusha sauti wakinikaribia, kana kwamba nimebeba mtoto aliyelala. Lakini ndani ya simu ile walikuwamo watu ishirini na kitu wakimgojea kaka yangu, kama anavyogojewa mtu aliyechelewa tu.

Lilikuwa kundi la watu wanaopenda kupiga picha, si mafundi wa studio wala wapiga picha za harusi. Kaka alikuwa karani wa wakala wa mizigo kule Kipevu, bandarini. Kazi yake ilikuwa kukagua namba na kufuli za makontena, na kamera aliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine. Katika kundi hilo watu waliitana kwa mitaa yao au kwa mahali pa kazi. Yeye alikuwa Kipevu. Kiongozi wao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa Junda. Aliyeandika ule ujumbe wa biriani alikuwa Mzee Likoni, aliyestaafu kuendesha kreni bandarini. Wengi hawakuwahi kuonana. Walikuwa na matembezi yao ya Jumapili, lakini kaka hakupata kwenda hata moja, kwa sababu ya zamu.

Kila wiki Junda alitoa neno: kutu, mlango, maji yaliyotuama. Kila mtu alileta picha moja tu juu ya neno hilo. Wengine walilazimika kuijibu kwa mpango wao: kwanza sifa moja, kisha kosa moja, kisha dawa ya kosa. Ukisifu bila kutaja kosa, Junda alikurudisha kama mtoto wa darasa la tatu.

Neno la wiki ile lilikuwa ukungu. Nilichomoa kadi kwenye kamera ya kaka, nikaichomeka kwenye simu kwa kifaa chake kidogo cha kusomea kadi. Mle ndani mlikuwa na picha nyingi sana. Nikaipata ya Kipevu alfajiri, mvua imetoka kunyesha, makontena yamepangwa kama mikate kwenye rafu, na juu yake mwanga mweupe usiojulikana unatoka wapi. Nilikaa nikaitazama hadi mafuta yakaungua. Kisha nikaituma.

"Sifa: nimesikia baridi," akaandika Junda. "Kosa: taa ya kushoto inavuta jicho. Dawa: sogea hatua mbili uifiche nyuma ya kontena."

Mzee Likoni akaandika: "Na hiyo ardhi yako imelala upande. Makontena yatanimwagikia mapajani. Inyooshe, bwana!"

Nikajibu: "asanteni wakuu". Niliandika bila herufi kubwa wala nukta, kama alivyozoea yeye.

Ndivyo nilivyoanza, na niliendelea miezi mitano.

Sitaki kujipamba. Nilijua ni uongo. Niliishia darasa la nane, lakini jambo hilo halihitaji shule. Nilijiambia nitaacha wiki ijayo. Wiki ijayo ikija, neno jipya linatolewa, nami nazama ndani ya kadi ile kama mtu anayeingia majini taratibu. Mle ndani kaka alikuwa anatembea. Nilijua alisimama wapi, aliinama lini, alingoja nani apite. Kulikuwa na picha tisa za dirisha moja, na katika ya tisa paka ametokea. Nilimwona kaka akimngoja paka yule, na mchana mzima niliuza mahamri nikiwa nusu hapa, nusu pale. Nikawa narudisha chenji isiyo sahihi na watu wananisamehe kwa sababu ya msiba.

Nyumbani kaka alikuwa kaburini. Kwenye kundi alikuwa anataniwa. Kwa hiyo niliogopa jambo moja tu, kwamba siku wakijua, nako huko atakufa.

Walianza kuuliza mbona siku hizi haachi sauti, anaandika tu. Nikasema nina mafua. Mafua gani ya miezi miwili, wakasema, nenda ukafukizwe. Jamaa mmoja wa Changamwe aliomba ushauri wa lenzi ya kununua. Nilipekua majibu ya zamani ya kaka, nikapata alipomshauri mtu mwingine, nikanakili neno kwa neno.

Lililonibana zaidi ni la Mzee Likoni. Adhuhuri moja aliniandikia pembeni, nje ya kundi: "Nakwambia wewe kwa kuwa u mwanamume na u mbali. Jicho langu la kulia limefunga wingu. La kushoto nalo lafuata. Napiga kwa kukisia. Mke wangu hajui, wanangu hawajui. Wakijua wataninyang'anya kamera na kunikalisha barazani."

Nilimwandikia aende akatazamwe. Akasema inshallah, kwa namna ile ya mtu asiyekwenda. Tangu siku hiyo picha zake nilizitazama kwa hofu. Nyingine zilikuwa zimetikisika, nyingine ameulenga ukuta wa nyuma na mtu wa mbele amebaki kama moshi. Wenzake walimwambia kwa upole, "lenzi yako ina unyevu, mzee." Mimi nilimwonea huruma. Nikaandika: nzuri sana mzee. Nilitafuta kosa dogo la uongo, ili Junda asinirudishe.

Basi wiki moja neno likawa ukuta. Nilitafuta kwenye kadi, kuta zilikuwamo. Lakini asubuhi hiyo, nikitoka kupeleka mahamri hotelini, niliona ukuta wa nyuma wa kanisa letu umepigwa jua. Chokaa imebanduka na kuacha umbo kama kisiwa, na mjusi amelala kisiwani. Kamera nilikuwa nayo kwenye kikapu. Nilikuwa nimeanza kuibeba, sijui kwa nini. Niliweka kikapu chini, nikafanya yote niliyoyasoma kwao: shika kwa mikono miwili, bana viwiko, toa pumzi, bonyeza. Mjusi hakukimbia. Niliona dunia imenyamaza ili nipige.

Jioni nikaituma. Ilikuwa picha yangu ya kwanza, na niliituma kwa jina la mtu mwingine.

"Sifa: mjusi," akaandika Junda. "Kosa: kivuli cha mpiga picha, chini kulia. Dawa: jua likiwa mgongoni, piga hatua pembeni. Kipevu, wewe wa kufanya kosa hili?"

Nilikuza picha kwa vidole. Chini ya kisiwa, juu ya chokaa, nilikuwepo mimi. Nilikuwa nimemtazama mjusi tu, sikujiona. Mabega yangu, viwiko nilivyobana, na leso niliyojifunga kichwani, ncha zake mbili zimesimama kama masikio ya sungura.

"Kipevu," akaandika Mzee Likoni, ambaye lazima aliisogeza picha hadi puani, "tangu lini wajifunga leso?"

Wakacheka. Changamwe akasema huenda ni dawa ya mafua. Mwingine akasema mke wake ndiye kapiga. "Hana mke," akajibu mwingine, "alisema mwenyewe kwamba mke wake ni kamera." Vicheko vikamiminika. Kisha ukaingia ujumbe wa pembeni kutoka kwa Mzee Likoni, maneno matatu tu: "Wewe ni nani?"

Nadhani aliwaza haraka kuliko wenzake kwa kuwa alikuwa na cha kupoteza.

Sikumjibu siku ile, wala ya pili. Nilikaanga, nikauza, nikafua. Wazo la kusema ni mke lilinijia na ningeweza. Lakini kila nilipotaka kuandika, niliona kwamba sasa simwongezei kaka uhai, namtungia maisha ambayo hakuishi, na mke juu yake. Siku ya tatu nikakaa mlangoni nikaandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa na nukta, kama niandikavyo mimi:

"Mimi si Kipevu. Mimi ni dada yake. Kipevu alifariki miezi mitano iliyopita, alianguka kazini, moyo. Picha mlizoziona tangu hapo ni zake. Ya ukuta ni yangu. Majibu yote yalikuwa yangu. Nilifanya hivyo kwa sababu hapa alikuwa bado yupo. Naomba mnisamehe."

Junda akaandika pole, kisha wengine, pole zikapangana. Mtu mmoja alijitoa bila neno. Changamwe akauliza, "Na ile lenzi? Ulikuwa unajua nini wewe kuhusu lenzi?" Nikamwambia kweli kwamba nilinakili. Baada ya saa nzima akaandika: "Lenzi ni nzuri lakini. Mungu amrehemu."

Mzee Likoni hakuandika kitu.

Junda akaniuliza pembeni kama namba ya kaka ibaki au aiondoe. Nikasema aiondoe. Nilikuwa nimeishika ile simu wakati maandishi madogo ya kijivu yalipotokea kusema ameondolewa. Wakati wa mazishi nilikuwa na watu wa kuwapikia na mama wa kumshika. Pale mlangoni sikuwa na kazi yoyote, nikalia mpaka leso ikalowa.

Siku nne baadaye, Junda akaingiza kundini namba yangu mwenyewe, niliyokuwa nimempa. "Utange, karibu. Neno ni chuma. Jumapili tuko Mtongwe, saa moja asubuhi."

Nilikwenda. Nilivuka feri nikiwa kama niko ndotoni, kamera ya kaka shingoni, watu wakinipita wakiwa na safari zao za kweli. Mtongwe, upande ule wa Likoni unaotazamana na Kipevu, wenzangu walikuwa wametawanyika ufuoni, kila mmoja ameinamia kipande chake cha chuma. Mzee nilimjua bila kuonyeshwa. Amevaa kofia ya kazi na shati lililopigwa pasi, kamera ameisogeza karibu mno na uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakunigeukia. "Ndiwe?"

"Ndimi."

"Yale niliyokwambia."

"Sijamwambia mtu, mzee."

"Silo hilo!" Sasa akageuka. "Ndugu yako alikuwa hanionei haya. Ikiwa mbaya, anambia mbaya. Mara akaanza: nzuri, nzuri, nzuri. Mimi nikasema, alhamdulillahi, jicho lapona lenyewe. Nikaacha kwenda kutazamwa. Kumbe nilikuwa naonewa huruma na mwanamke nisiyemjua!"

Katika miezi ile nilidhani uongo wangu ulimhusu mtu mmoja tu, naye amekufa. Nilisema, "Nilikudanganya, mzee. Hazikuwa nzuri."

Akanitazama, au akalitazama umbo langu. Kisha akavua kamera shingoni akanipa nitazame picha zake, yeye akibonyeza moja baada ya nyingine.

"Hii?"

"Imetikisika."

"Hii?"

"Umelenga nyuma. Mtu hana uso."

"Hii je? Hii naijua, hii nzuri."

Nilitamani iwe hivyo. "Hii umekata nusu ya meli, mzee."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema, mimi Mkristo.

Akakaa juu ya jiwe. Ng'ambo, Kipevu, kreni ziliinua makontena moja moja, polepole, na kwa umbali ule hakukuwa na sauti hata moja. Akatoa simu, akaisogeza puani, akapiga.

"Mama watoto. Sikiliza. Lina wingu jicho langu. Yote mawili."

Sauti ya mkewe niliisikia hadi niliposimama. "Ati leo ndiyo wanambia! Wamimina chai nje ya kikombe tangu mfungo, wafikiri nafuta nini pale mezani? Jumanne twenda hospitali, na usinitie maneno!"

"Haya. Jumanne."

"Na hapo uko na nani?"

"Niko na dada yake Kipevu."

"Kipevu yupi? Yule wa kwenye simu, mnayecheka naye?"

Mzee aliinua uso akanitafuta nilipo, kama anayeomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa, nikakumbuka huenda hanioni, nikasema, "Mwambie."

"Yule," akasema. "Marehemu."