Konokono wa Mnara wa Saba

Kazini walimwita Konokono, na walimwita hivyo mbele yake, kwa mapenzi kabisa, yale mapenzi ya watu waliochoka kukusubiri. Alikuwa dereva wa pikapu ya kampuni inayotengeneza minara ya simu, ile minara inayosimikwa vileleni kana kwamba aliyeichagulia mahali alikuwa na ugomvi na madereva. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amepandisha betri, madumu ya dizeli na mafundi kwenye njia ambazo hata mbuzi huzitazama mara mbili. Katika miaka yote hiyo hakupindua gari, hakuvunja ekseli, wala hakumrudisha fundi nyumbani juu ya machela. Rekodi mbaya sana. Mtu wa namna hiyo hana hata hadithi moja ya kusimulia kantini.

Kosa lake lilikuwa kutembea. Kila alipofikia mwinuko mkali alizima injini, akavuta breki ya mkono, akaweka kabari mbili za mti nyuma ya magurudumu, kisha akaipanda njia yote kwa miguu, fimbo mkononi, akichomachoma majani kama mtu aliyedondosha sindano. Aliporudi alijua jiwe lipi limelegea na wapi maji yameila njia kwa chini. Hapo ndipo aliposhika usukani.

Tabia hiyo aliipata zamani, alipokuwa akiendesha trekta shambani. Siku moja gurudumu lilitumbukia kwenye shimo la mnyama lililofichwa na majani, trekta likainamia bondeni na kubaki hivyo. Alikaa juu yake saa mbili nzima bila kuthubutu kupiga chafya, na mimba ya miezi minne, mpaka watu walipokuja na kamba. Binti aliyekuwa tumboni siku ile sasa yuko chuoni, na mama yake humpigia simu kutoka kila kilele, maana huko mtandao ni mzuri ajabu.

"Umekula?"

"Mama, nina miaka ishirini na miwili."

"Sijakuuliza miaka. Nimeuliza umekula?"

Alikuwa mwoga wa kila kitu: radi, jiko la gesi, hata ngazi za benki. Kwenye usukani tu ndiko alikokuwa na amani, kwa sababu huko hofu yake ilikuwa na kazi ya kufanya.

Basi akaja mkuu mpya wa usafiri. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kumgusa usijikate. Ukutani alitundika cheti chake cha udereva wa milimani, ndani ya fremu. Mafunzo yenyewe yalifanyika kwenye uwanja wa kuegeshea magari, siku tatu pamoja na chai, na kilima chenyewe kilikuwa cha mbao. Lakini cheti kilikuwa na muhuri mwekundu, na muhuri ni muhuri.

Wiki ya kwanza alifunga kidude kwenye kila gari. Kidude kilikuwa na akili nyingi: kilijua gari linakwenda au limesimama. Likienda, dereva ni mchapakazi. Likisimama, dereva ni mvivu. Milima hakikuijua, lakini nani asiye na upungufu?

Wiki ya pili akamwita Konokono ofisini.

"Mama, kaa. Jumanne umesimama mara kumi na moja."

"Kweli, Bosi. Miinuko ilikuwa kumi na moja."

"Ulisimama kufanya nini?"

"Kutembea."

Mkuu akatazama kompyuta, akamtazama yeye, akarudi kwenye kompyuta iliyokuwa na majibu mazuri zaidi. "Mama, kampuni imekununulia gari ili usitembee. Mnara wa Saba unaufikia kwa saa moja na nusu. Ramani inasema dakika arobaini."

"Hiyo ramani iliwahi kwenda yenyewe?"

"Alhamisi naendesha mimi, wewe utakaa pembeni ujifunze. Nikifika kwa dakika arobaini, Jumatatu unahamia stoo. Ni kazi nzuri, ya kukaa. Utakuwa unagawa glavu na buti. Umri nao unahitaji kupumzika."

Alitoka na miaka yake arobaini na tisa iliyohitaji kupumzika. Stoo aliijua vizuri: chumba kisicho na dirisha, kinachonuka mpira. Aliwahi kukifagia kwa miaka mitatu kabla hawajamkabidhi funguo za gari, na funguo hizo alizipata baada ya kuomba mara sita. Usiku ule hakumwambia binti yake lolote. Alimuuliza tu kama amefunga madirisha.

Alhamisi walikuwa watatu: mkuu kwenye usukani, Konokono pembeni, na fundi wa mnara kiti cha nyuma, amekumbatia mfuko wake wa spana. Mkuu alivaa viatu vyeusi vinavyong'aa, vya mtu asiyetarajia kushuka. Barabara ya lami aliiendesha vizuri sana, akaelekeza kidole kwenye saa mara mbili.

Mwinuko wa Mnara wa Saba ulianza penye udongo mwekundu, kando ya korongo. Mvua ilinyesha juzi yake. Mkuu alivuta kile kijiti kifupi cha gia ya mlima, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, naye akatabasamu.

Sasa pikapu ile ilikuwa ya zamani. Kuvuta kijiti peke yake hakukutosha. Katikati ya kila gurudumu la mbele kulikuwa na kifungo cha chuma, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, ambacho lazima ushuke ukizungushe kwa mkono. Usipokizungusha, taa itawaka na kijiti kitaingia, lakini magurudumu ya mbele hayatavuta kitu. Magari mapya hufanya yote hayo kwa kubonyeza, na mkuu alifundishwa kwenye magari mapya.

"Bosi, kuna vifungo vya mbele vya kuzungusha," Konokono akasema.

"Mama, si unaona taa inawaka?"

"Inawaka. Lakini taa haiko kwenye gurudumu."

"Hii ndiyo shida ya mazoea." Alisema kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya. "Nilifundishwa na wataalamu. Tulia."

Angeweza kunyamaza. Tuseme kweli, nusu ya moyo wake ilitaka anyamaze, na nusu hiyo ilikuwa nono. Akajaribu tena. "Ni dakika moja tu, Bosi. Nishuke nizungushe mimi, wewe hata kiatu huchafui."

"Hapana. Muda unakwenda."

Basi akafungua mlango. "Mimi nitatembea."

"Unakwenda wapi? Mama! Panda gari!"

"Wewe njoo tu, Bosi. Tutakutana."

Kwenye kiti cha nyuma fundi akakohoa. "Na mimi namsindikiza. Mguu umeniganda."

"Umeganda saa ngapi?"

"Sasa hivi," fundi akasema, akiwa tayari nje.

Konokono alichukua kabari zake mbili, moja akampa fundi. Akaipanda njia na fimbo yake bila haraka, huku nyuma honi ikilia. Katikati ya mwinuko fimbo ilizama mpaka nusu. Maji yalikuwa yamekula ukingo wa korongo chini ya majani. Akasimama hapo hapo, upande wa mlimani, akampungia mkono mkuu apite upande huo. Nyuma ya gari linalopanda hakusimama. Alitaka kumwona binti yake akimaliza chuo.

Mkuu akaja kwa kishindo. Ilipendeza kutazama, kwa hatua kama thelathini. Halafu magurudumu ya nyuma yakaanza kurusha tope na ya mbele yakatulia kama wageni waalikwa. Gari likasimama, likatetemeka, kisha likaanza kurudi lenyewe, taratibu, likielekea ukingoni. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka vizuri sana.

Siku ile mafundi wote wangetamani kuwepo, kwa sababu Konokono alikimbia.

"Kanyaga breki! Usigeuze usukani! Shikilia hivyo hivyo, mwanangu, shikilia!"

Alisukuma kabari chini ya gurudumu moja, fundi akaitupa ya pili chini ya lingine. Mti ukalia, gari likakaa. Kutoka gurudumu la nyuma hadi ukingo kulikuwa na hatua mbili, na hatua zenyewe za mtu mfupi.

Ndani, mkuu aliushika usukani kama mtoto anayenyang'anywa mwanasesere.

"Niko... niko hapa," akasema, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Tunakuona, Bosi. Toka polepole kwa mlango wa huku."

Akatoka. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, na hakuna aliyekifuata. Konokono akainama kwenye gurudumu la mbele, akazungusha kifungo, kak! Akazunguka upande wa pili, kak! Mkuu akiwa na soksi moja alitazama kile kifungo muda mrefu.

"Ni hicho tu?" akauliza.

"Ni hicho tu."

Safari hii kwenye usukani akapanda Konokono. Aliweka gia, akasikiliza injini, na gari likatoka pale likijivuta kwa miguu yake yote minne mpaka kileleni. Safari ilichukua saa mbili na dakika kumi.

Juu, fundi alipanda mnara na Konokono akapiga simu yake. Umekula? Umefunga jiko? Haya. Alipomaliza aligeuka, akamkuta mkuu amesimama pembeni, ameligeuzia korongo mgongo, simu sikioni.

"Mama? ... Hapana, hakuna kitu. Nilitaka tu kujua umeamkaje."

Konokono akajitia hajasikia.

Jumatatu alifika kazini na aproni ya stoo ndani ya mfuko, maana funguo za gari zilisajiliwa kwa jina lake, na kidude kilikuwa kimemwandikia yeye kila kitu: kusimama mara kumi na saba, kurudi nyuma bila gia mara moja. Lakini ubaoni alikuta tangazo. Utaratibu Mpya wa Milimani: dereva atembee mwinuko kwanza, aweke kabari, azungushe vifungo kwa mkono. Chini: umebuniwa na Mkuu wa Usafiri. Kwa muhuri mwekundu.

"Konokono, umeona alivyobuni?" mafundi wakamtania. "Kumbe miaka yote ulikuwa unamwibia kabla hajafika!"

"Nitamwomba radhi," akasema, akaurudisha mfuko wenye aproni kwenye kabati.

Mafunzo ya utaratibu huo yalifanyika Ijumaa, uani, kwenye kilima cha mbao kilichojengwa kwa ajili hiyo. Kila dereva angepanda mara moja na kupewa cheti. Zamu yake ilipofika alizima injini, akaweka kabari, akashuka na fimbo.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Hata huu, Konokono? Ni mbao!"

Akaendelea kupanda, akigonga ubao mmoja mmoja. Katikati akasimama, akagonga tena mahali pale pale.

"Bosi," akaita, "huu wa tatu umeoza."

Mkuu hakutazama kompyuta. Alimwamuru dereva aliyefuata azime injini, akaenda mwenyewe kutafuta nyundo.