Homa ya kifua ilivyoulaza mkono wa mume wangu soko la ngamia

Asalaam aleikum wakuu. Mimi ni ayeeyo, yaani nyanya, wa Garissa, wajukuu wangu wanajaza lori, na shule niliipita tu njiani nikichunga mbuzi. Lakini hii niliiona kwa macho yangu, wallahi.

Miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa dalali wa ngamia. Wiki nzima ana homa, anakohoa mpaka kuku wanakimbia.

Nikamwambia lala. Wapi! Mwanamume wa kwetu hulala akizikwa.

Akaenda soko. Mimi nikakaa pale karibu, nauza maziwa.

Kwa wasiojua: kwetu bei ya ngamia haitangazwi. Wawili wanashikana mikono chini ya shuka, vidole ndivyo vinaongea.

Mara mnunuzi mmoja wa Bura akapiga kelele: "Warya! Vidole vimekubali, kichwa kinakataa. Unanidharau?"

Watu wakacheka. Mzee wangu anataka kujibu, maneno yanatoka kama amejaza wali mdomoni. Nikatazama vizuri: mdomo umeenda upande, mate yanashuka.

Na bado wanabishana bei! Ya Allah, watu gani hawa?

Shemeji akasema ni jini, tuchome kijiti tumtie moto kichwani limtoke. Nikamwambia, "Kilete hapa, nikuchome nacho makalio."

Nikashusha vibuyu vya maziwa kutoka kwenye mkokoteni wangu, nikampakia mzee, mbio hospitali.

Daktari akasema, "Mama, hiki ni kiharusi. Virusi vya homa haviishii kifuani. Mwili ukipigana navyo, mishipa inavimba kwa ndani, damu inaganda upesi. Na mzee ana presha. Donge limeziba mshipa wa ubongo."

Kumbe vidole havikukubali bei yoyote. Vilikuwa vimekufa ganzi!

Maneno yalirudi pole pole. Mkono wa kulia haukurudi. Dalali bila mkono wa kulia, na wa kushoto kwetu humpi mtu. Akakaa nyumbani anatazama ukuta.

Siku moja yule wa Bura akaja na ngamia. Hakusema pole. Alitandika shuka lake juu ya mkono wa kushoto wa mzee, akaingiza wake.

Wakabishana mpaka alasiri. Mzee akamkamua vizuri sana.

Wakuu, mtu wa homa akipinda mdomo, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, msiite wachoma vijiti. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Nani mwingine homa imemfanyia hivi? Semeni. Na wa kuniletea habari za jini, apite mbali.