Barua Tatu na Modemu Hewa

Alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi, nikiwa uani naanika nguo. Ni jirani yangu wa miaka mingi hapa Magongo, mama wa Kigiriama aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi, na kanisani huketi benchi la mbele yangu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamvutia kiti. Hakuketi.

"Mume wangu amefariki," alisema. "Yapata mwezi wa pili sasa. Mwenzake wa melini ameniletea vitu vyake."

Nilimpa pole. Mtaa mzima ulijua habari za mume huyo. Alikuwa mpishi wa meli, aliondoka watoto wakiwa wadogo, akarudi mara mbili, kisha hakurudi tena. Watu walisema ameoa bandari nyingine, na mwishowe ikabainika kuwa ni kweli.

"Katika vitu hivyo mna daftari," aliendelea. "Ameandika humo kwamba aliniandikia barua tatu mfululizo, nami sikumjibu hata moja. Barua zake zilikuwa zikipitia kwako, mdogo wangu. Uliziona?"

"Dada, ni zamani sana," nilisema. "Sikumbuki."

Nilikuwa nakumbuka.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, karibu na lango la Kipevu. Tajiri wangu alipenda mitambo. Kabla intaneti haijatufikia, aliweka kwenye kompyuta moja kitu tulichokiita ubao. Mtu mwenye kompyuta na modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, alipiga simu ofisini, modemu yetu ikapokea, akasoma orodha ya meli zinazoingia na barua zake, kisha akakata ili mwingine apate laini. Mara moja kwa siku ubao wetu ulipigia ubao mwenzake wa Nairobi, zikabadilishana barua, na ule wa Nairobi ulikuwa na njia ya kufika ng'ambo. Baharia aliyekuta klabu yenye kompyuta bandarini aliweza kuandika nyumbani. Wake zao hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo walikuja ofisini nami niliwaonyesha pa kubonyeza.

Huyu mama alikuja kila Ijumaa, akitoka kuuza mahamri kwenye lango la kiwanda. Alinawa mikono kwanza, ndipo akakaa mbele ya kompyuta ya pili, iliyoupigia ubao simu kama ya mteja yeyote. Aliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, huku mkono wa pili ukifunika kibao cha herufi nisione. Kila barua ya mumewe ilitaja bandari ambako jibu lipelekwe. Bila barua, hakuwa na pa kumwandikia.

Ubao ule ulikuwa kazi yangu, na nilijivunia. Modemu ilikaa kando ya kompyuta, imeunganishwa kwa waya mnene na tundu la nyuma, na kati ya ubao na modemu ilikuwamo programu ndogo, draiva, iliyopokea herufi moja baada ya nyingine na kuamua mwendo wake. Tajiri aliiweka iende taratibu. Mimi nilisoma kijitabu cha modemu nikaona inaweza kwenda mara nne ya pale. Nikaona tajiri ni mwoga wa bure. Siku moja hakuwapo ofisini, nikaupandisha mwendo, nikangoja asifu.

Sikujua kwamba lile tundu la kompyuta yetu lilikuwa la zamani, lenye uwezo wa kushika herufi moja tu kwa wakati. Herufi ikichelewa kuchukuliwa, inayofuata huiangukia na kuifuta. Faili fupi zilipita salama. Zilizokuwa ndefu zilikatika njiani, na vipande vyake vikatupwa kwenye folda ya vilivyoharibika. Niliifungua folda ile baada ya siku kumi. Kila barua iliyokatika iliandikwa imetoka kwa nani kwenda kwa nani. Tatu zilitoka kwa yule mpishi kwenda kwa mkewe.

Jambo la kufanya lilikuwa jepesi. Ningempigia mtu wa Nairobi azitume upya, kwani alikuwa akiweka nakala kwa wiki moja au mbili. Lakini angeuliza kilichotokea, na angemwambia tajiri. Nilirudisha mwendo kama ulivyokuwa, nikafunga folda, na Ijumaa yule mama alipouliza nilimwambia, "Hakuna barua, dada." Ijumaa iliyofuata nikamwambia hivyo hivyo. Safari hiyo haikuwa uongo. Hakuna iliyokuja tena.

Aliendelea kuja kwa miezi. Baadaye akaacha.

Ofisi ilipofungwa, tajiri alinipa ile kompyuta, nami niliisukuma chini ya kitanda cha wageni. Nilihama nyumba mara mbili na sikuitupa. Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Nilipoanza kufundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Changamwe, nilinakili diski yake yote, nikajiambia ni kwa kumbukumbu tu.

Baada ya yule mama kuondoka Jumamosi ile, nilimaliza kuanika nguo. Nikapika, nikashindwa kula. Saa tisa nilimpigia simu.

"Huenda zimo kwenye mashine ya zamani," nilisema. "Nitajaribu kuifufua. Sikuahidi."

"Jaribu," alisema.

Ubao ule ulifunga barua ya kila mtu kwa neno lake la siri, na hata msimamizi hakuweza kuisoma. Ilibidi mwenyewe apige simu, aingie, afungue. Lakini siku hizi laini ya simu ya namna ile sina, na modemu yenyewe ilikwisha kuoza kwa chumvi. Njia iliyobaki ilikuwa kuuendesha ubao ndani ya programu inayoigiza kompyuta ya zamani kwenye laptopu yangu, kisha kuutengenezea tundu la kuigiza na modemu ya kuigiza. Wanafunzi wangu wangeiita modemu hewa, kama wafanyakazi hewa wanaolipwa mishahara na hawapo. Ubao unaamini upo kwenye simu, kumbe simu yenyewe ni mtandao wa nyumbani.

Nilifanya kazi hiyo jioni nne, nikitoka chuoni. Jioni ya kwanza ubao ulisema hauoni modemu yoyote. Nikagundua nimeiweka kwenye tundu la kwanza ilhali ubao uliizoea kwenye la pili. Kabla sijasahihisha nilijikuta nafurahi. Nilifikiri, basi, nitamwambia imeshindikana. Nikasahihisha.

Jioni ya pili niliupigia ubao kutoka laptopu niliyoazima kazini. Neno RING, yaani simu inalia, likatokea, ubao ukapokea, kisha ukakata papo hapo. Mara sita nilipiga, mara sita ukakata. Modemu ya kweli ina waya mmoja wa kuujulisha ubao kwamba mtu yuko upande wa pili. Modemu yangu hewa haikutoa ishara hiyo, basi ubao ulidhani mpigaji ameondoka. Jioni ya tatu nzima niliitafuta amri ya kuwasha ishara, nikaipata, nikaiandika. Nilipopiga tena ubao haukukata. Ilitokea salamu ya ukaribisho niliyoiandika mwenyewe nilipokuwa msichana, yenye makosa mawili ya tahajia.

Jioni ya nne ilibaki kuiambia draiva mwendo. Niliuweka ule wa taratibu wa tajiri. Kisha nikaiagiza programu ya kupanga barua ipokee hata vipande, na nikaiona ikiandika, tatu, zimewekwa.

Alikuja siku iliyofuata akiwa amevaa gauni la kanisani. Nilimkalisha mezani, nikamwonyesha. Alinawa mikono kwenye beseni bila kuambiwa. Aliandika jina lake, na neno la siri alilikumbuka. Akafunika herufi kwa mkono kama zamani, nami nikageuka dirishani.

Nilisikia vibonyezo. Vilipokoma alisema, "Njoo unisomee. Macho hayashiki."

Ya kwanza ilikatika kwenye salamu. Ya pili ilifika mahali pa kusema meli imeharibika na wamo matengenezoni. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote, nikaisoma kwa sauti.

"Mke wangu, mkataba unaisha na nimechoka na maji. Nataka nije nikae nyumbani. Lakini tuliagana vibaya, na maneno niliyokutolea siku ile sijayasahau. Sitaki nije nikusumbue kama moyo wako umefunga. Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Ukisema nije, nitakuja. Ukinyamaza nitajua, nitatia sahihi mkataba wa meli nyingine. Niandikie kwa—"

Hapo ilikatika.

 Nje trela ilikuwa ikirudi nyuma na utingo wake akipiga mbinja.

"Hii ilikatwa na mashine?" aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo.

"Mashine niliiharibu mimi," nilisema. "Nilitaka iende mbio. Nilipojua nimekosea, ningeweza kuomba barua zitumwe tena. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikakuambia hakuna barua."

"Ulijua kuwa ni zake?"

"Nilijua. Yaliyokuwamo sikuyajua."

"Na pale nilipokuja, wiki baada ya wiki?"

"Nilijua, dada."

Alisogeza kiti nyuma. Nilitazamia anitukane, na ingekuwa afadhali. "Nilikuwa na miaka thelathini na tatu," alisema polepole. "Watu wa kwetu walinitafutia mume. Nikawaambia ninaye." Kisha akauliza kama naweza kumtolea barua zile kwenye karatasi. Nilizichapisha. Alizikunja mara nne, akazitia kwenye kibeti, akaenda mpaka mlangoni.

"Watoto wangu wamekua wakijua baba yao aliwatupa," alisema. "Mkubwa hata jina lake hataki kulisikia. Jumapili watakuwa kwangu baada ya ibada. Utakuja uwaambie wewe. Mimi siwezi kulisema hilo."

Nilikwenda. Nilipita njia ndefu ya sokoni ili nichelewe, na sikuchelewa. Mwana anaendesha trela za makontena, binti ni mwalimu wa chekechea. Wote wawili waliniamkia kwa heshima kama mama yao mdogo. Nikawaeleza, tangu mwendo wa modemu mpaka Ijumaa zile. Sikuongeza sababu. Binti alizisoma karatasi, akampa kaka yake. Naye alisoma ile ya tatu amesimama, akaiweka mezani, akatoka nje, na tukasikia lango la bati.

"Mwache," mama yake alisema.

Binti alinitazama. "Kwa hiyo baba hakututupa?"

Nililifikiria swali hilo. Mtu aliyeweza kuandika mara tatu angeweza pia kuandika mara ya nne, au kupanda basi la kutoka uwanja wa ndege. Na huko alikokwenda aliishi miaka mingi na watu wengine. Lakini hayo hayakuwa yangu kuyasema mimi.

"Mwaka ule alitaka kurudi," nilimwambia. "Ninalolijua ni hilo."

Alitikisa kichwa, akaanza kulia bila sauti. Mama yake alikwenda jikoni akarudi na chai, akawaandalia watu wote, akaweka kikombe mbele yangu pia. Hakuniangalia. Nilinyoosha mkono kukichukua, nikaurudisha mapajani. Tulikaa hivyo, sote watatu tukimsikiliza mwanawe akitembea huku na huko nyuma ya ukuta, mpaka chai ikapoa na mama akaniambia, kwa sauti ya kawaida, ninywe niende, mvua inakuja.